Mkono Uliochagua Nyuzi

Mwalimu hakuwahi kumuuliza mtu anataka nyuzi za unene gani. Alisema, "Lete mkono," na mtu akaleta. Hujaketi vizuri, salamu zenyewe hazijaisha, tayari amekushika vidole vya kushoto anavibonyeza nchani kimoja kimoja kwa kidole gumba chake, macho yake yako ukutani, na wewe umenyamaza kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Kisha anakuachia na kutaja namba. Hiyo ndiyo namba yako. Ukitaka kubishana, ubishane na vidole vyako ukifika nyumbani.

Mimi nina duka Wote, karibu na soko. Nauza spika, maikrofoni, nyaya na nyuzi za gitaa, na meza ya nyuma natengeneza redio. Mwalimu anakaa Kanyangi, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, lakini watu wake wote walikuja kununua kwangu, wa Kitui na wa Makueni. Waliingia wakitaja namba tu. Sikuhitaji kuuliza wametumwa na nani. Mwalimu wa gitaa huku kwetu ni mmoja, na hata wachungaji wa makanisa matatu tofauti, ambao hawakubaliani hata juu ya ubatizo, walikubaliana juu yake.

Kwa asiyejua, niseme. Nyuzi za gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia stima, huuzwa kwa pakiti ya nyuzi sita, na pakiti huitwa kwa unene wa ule uzi mwembamba kuliko wenzake. Namba kumi ni laini, hata mtoto anaibonyeza. Kumi na moja inataka bidii kidogo. Kumi na mbili ndiyo ya wengi. Kumi na tatu ni nene, ina sauti ya kujaza kanisa zima bila spika, lakini inauma vidole na inavuta mbao. Inavuta kweli. Gitaa dhaifu ukilifunga kumi na tatu, tumbo lake linafura polepole, shingo inapinda, na kile kibao cha chini kinachoshika nyuzi, tunachokiita daraja, kinaanza kubanduka. Kwa hivyo kuchagua unene si mchezo. Sauti, vidole na mbao vinagombana, na lazima kimoja kiumie.

Mwalimu aliamua ugomvi huo kwa kushika mkono tu. Na nayaeleza haya nikijua kitu ambacho miaka hiyo sikukijua, kwamba mkono uliokuwa ukitushika ulikuwa unakufa, na sisi tulikuwa tukiupigia makofi.

Mimi mwenyewe alinipa kumi na moja. Nilikasirika. Nikamwambia mimi nabeba spika ambazo yeye hawezi kuzisogeza. Akasema nguvu za mgongo hazifiki kwenye vidole, na akaendelea kunywa chai yake. Kwa ukaidi nikafunga kumi na mbili. Nilicheza siku chache, vidole vikavimba hata nikashindwa kushika bisibisi, nikarudi kumi na moja kimya kimya. Aliponikuta alicheka puani tu, na hicho kicheko kiliniudhi kuliko matusi.

Kuna mwaka alipanda mpaka Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, kufundisha vijana wa kanisa moja huko. Akakutana na mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu, ambaye familia yake ilishuka zamani kutoka kaskazini mashariki. Bwana huyo alikuwa na gitaa nyuma ya duka lake na alilipiga akiwa peke yake, kwa aibu. Alikuwa mrefu, mpana, na alitaka nyuzi nene zinazofanana na mwili wake. Mwalimu akamshika mkono, akamwambia mkono huu unashika kamba ya ng'ombe kwa kiganja, vidole vyenyewe havijawahi kufanya kazi, anza na kumi. Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila lori la mbuzi likishuka lilimletea Mwalimu salamu.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mzee wa kanisa, na alifukuza vijana kwenye mazoezi kwa kupiga tenzi kwa midundo ya dansi, lakini yeye mwenyewe ujana wake wote aliumalizia kwenye mabaa, akipigia walevi, na mkono ulikumbuka. Tukiwa mazishini, wimbo umefika ubeti wa tatu, wafiwa wanalia, na kidole chake kidogo kinaanza kutoroka kuelekea baa. Ungeona mabega ya akina mama yanatikisika kidogo. Ukimwambia baadaye, anakataa. Anasema labda ni wewe ulikuwa na baa kichwani.

Alikuwa mkali, tena mkali wa kuumiza. Aliwahi kumwambia mhubiri mmoja, mbele ya kwaya, kwamba anavyopiga gitaa ni kama anapeta ndengu. Dakika hiyo hiyo akatoka nje kumshikia mtoto wa mhubiri huyo aliyekuwa akilia, akamzungusha uwanjani mpaka akalala. Chai alikunywa yenye sukari hadi kijiko kinasimama. Tulimtania, akasema Mungu alimnyima mvua lakini hakumnyima sukari.

Na maji. Mwalimu hakuachana na maji. Alikuwa na jagi la plastiki la kijani lenye kifuniko, alitembea nalo kila mahali, kanisani aliliweka chini ya benchi, na katikati ya mahubiri alitoka kwenda haja, akarudi, akanywa, akatoka tena. Kwingine labda mtu angeuliza. Lakini hapa kwetu, kwenye jua hili, ambapo mama anatoka alfajiri na punda kutafuta maji na kurudi saa sita, nani atamshangaa mzee anayebeba jagi? Tulimwona mwenye akili. Wengine waliiga, wakanunua majagi yao.

Mabadiliko yalianza kwake mwenyewe. Alikuwa mtu wa kumi na mbili miaka yote. Siku moja akaniomba kumi na tatu. Akasema kanisa lao limeezekwa mabati mapya, mabati yanameza sauti. Nikaona ni sawa. Baadaye akalalamika kwamba hata hizo kumi na tatu zimekuwa nyepesi siku hizi, viwanda vinatuibia, nikamcheka nikamwambia uzee umemfanya mlalamishi. Alizishika dukani kwangu, akazisugua baina ya vidole kwa muda mrefu, akazirudisha akiwa amekunja uso.

Halafu akaja Ndanu. Ndanu ni fundi wa nguo pale Kanyangi, msichana mwembamba, mikono yake kama ya mtoto wa shule, na alikuwa amejiunga na kwaya karibuni. Akaingia dukani akasema kumi na tatu. Nikamwambia umesikia vibaya, labda ni kumi. Akasema hapana, Mwalimu amemshika mkono, amebonyeza sana, akasema mkono huu una nguvu. Nilimtazama vidole. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na alama za sindano, basi. Nikamuuzia, maana ningefanya nini, niseme Mwalimu amekosea? Wewe ungesema?

Baada yake wakaja wengine. Mkulima, kumi na tatu. Karani wa ofisi za kaunti ambaye hajawahi kushika jembe, kumi na tatu. Mama mjane anayejifunza gitaa kwa sababu ya upweke, kumi na tatu. Walirudi na vidole vimefungwa plasta, wakanunua tena. Na hapa ndipo sisi watu wa huku tulipojikwaa wenyewe. Mtu akitokwa na damu hakusema Mwalimu amekosea. Alisema, Mwalimu alinishika mkono akasema naweza, basi uvivu ni wangu. Mchungaji mmoja akaingiza plasta hizo kwenye mahubiri. Wakristo wa kweli, akasema, wanaonekana vidoleni. Kukawa na watu wanaoonyeshana vidole vilivyopasuka baada ya ibada, wakijivuna.

Magitaa hayakujua kujivuna. Yakaanza kuletwa kwangu, matumbo yamefura. Ukiweka rula juu ya mbao unaona mwanga unapita pembeni. Nilibandika daraja moja, nikabandika la pili, nikaishiwa na gundi. Lile la Ndanu halikunifikia. Walikuwa ibadani, watu wameinamisha vichwa kwa maombi ya kimya, gitaa limeegemezwa kwenye kiti, hakuna aliyeligusa. Daraja likang'oka. Wanasema ulisikika mlio kama wa risasi, nyuzi zikaruka, na mama mmoja akalala chini akidhani wamevamiwa. Ndanu aliniambia Mwalimu peke yake hakushtuka. Alikaa akiangalia mikono yake.

Habari ya chuma cha kulehemu niliiona kwa macho yangu. Kile chuma cha moto ninachounganishia nyaya kilikuwa juu ya meza, kimewashwa. Mwalimu alikuja, akaegemea, akaanza kunisimulia habari za harusi fulani alikoalikwa. Mimi naitikia huku natafuta skrubu. Nikasikia harufu. Nikadhani ni waya unaungua, nikachungulia ndani ya redio, hakuna kitu. Niliponyanyua kichwa, vidole vyake viwili vya kushoto vilikuwa vimelala juu ya chuma, moshi mwembamba unapanda, na yeye bado anaeleza bibi harusi alivaa nini.

Nilimvuta mkono nikapiga ukelele. Akauangalia, akautazama tena, kisha akacheka. Akasema hizo ni sugu za gitaa, miaka yote hii ya kubonyeza nyuzi imefanya vidole vyake kuwa ngozi ya kiatu. Na watu waliokuwa dukani wakacheka pia, kwa furaha. Kabla ya jioni hadithi ilikuwa imefika sokoni. Jumapili ikatolewa kama ushuhuda kanisani. Vidole vya Mwalimu haviungui. Mimi sikucheka. Ile harufu ilikaa puani mwangu siku nyingi, nikishindwa hata kuchoma nyama.

Siku niliyoelewa, alikuja dukani akiwa na ndala moja. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu, umejaa vumbi mpaka kwenye kifundo, na aliingia akitembea vizuri kabisa, akanisalimia, akaomba nyuzi. Nikadhani ni utani wake. Nikainama. Palikuwa na mwiba wa mgunga umezama nyuma ya kidole gumba, mwiba mrefu ule, na damu imeganda na mchanga.

"Mwalimu, umetoka nyumbani na ndala mbili?"

Akaangalia chini. Mama yangu mdogo alikufa na ugonjwa wa sukari. Ghafla vyote vikasimama mbele yangu, jagi la kijani, kutoka kwenda haja, chai, chuma, Ndanu. Nikafunga mlango wa duka nikamwambia bila kuzunguka kwamba hasikii, si mguu tu, hata vidole, na kwamba anawapa watu wote kumi na tatu kwa sababu kila mkono anaoushika kwake ni mgumu. Mkono laini haupo tena kwake. Haupo.

Alikasirika. Akasema niuze nyuzi, mambo ya mwili wake niyaache. Nikamwambia sitaacha. Mwishowe akakaa kwenye kreti ya soda, akaongea polepole.

"Nimejua tangu mwaka juzi, Mwende. Lakini nikisema sisikii, nani ataniletea mkono tena?"

Akanieleza habari za kaka yake. Alikwenda hospitali na kidonda kidogo cha mguu, wakakata kidole, wakakata mguu, wakarudi wakakata juu ya goti, na mwishowe wakamrudisha nyumbani kwenye sanduku. Kwa hivyo yeye hangekwenda. Aliniomba nisimwambie mkewe. Nilimwambia nitampigia sasa hivi, na nikapiga akiwa amekaa pale pale, simu kwenye spika. Mkewe hakulia. Alisema tu, "Alikuwa ananiambia ni uchovu." Mwalimu akasimama, akatoka na ndala yake moja, hakuniaga. Nilimkimbilia na ndala za mtoto wangu mkubwa. Alizipokea bila kunitazama.

Baada ya hapo hakuja tena. Mkewe alimsihi, wazee wa kanisa wakamwombea, Ndanu akaenda na uji. Akasema anaendelea vizuri. Bado aliwashika watu mikono, na bado walikuja kwangu na namba ile ile. Nikaacha kuiuza. Nikasema imeisha, na ikiwa juu ya rafu wanaiona nikasema hiyo ni ya mtu. Waliniona mwenye kiburi. Wengine wakaagiza Machakos. Mimi nililala vibaya miezi hiyo. Kila simu ya kutoka Kanyangi niliogopa kuipokea, na niliogopa zaidi isipolia.

Ilipolia, ilikuwa mchana. Ni mkewe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeagiza chumvi.

"Mwende, njoo. Nzi wanamfuata."

Nilikwenda na jirani mwenye gari, tukamkuta nje, kwenye kivuli cha ghala la mahindi, mguu umefungwa kitambaa cha kanga. Aliponiona akanisalimia kwa Kikamba, "Uvoo waku," kama jana tulionana, nikamwitikia. Harufu nilikuwa nimeshaisikia kutoka kwenye lango. Nilikuwa nimepanga kumgombeza, nikashindwa. Hakubishana tulipompakia kwenye gari. Alituomba tu tumwekee gitaa ndani ya nyumba, jua lisilipasue.

Hospitalini Kitui daktari hakuchukua muda. Vidole vya mguu wa kulia vingeondolewa, na kama usaha umepanda, zaidi ya vidole. Kilichobaki, akasema, ni kujua mguu wa kushoto na mikono bado ina uhai gani, kwa sababu kama inasikia inaweza kulindwa. Akamwachia kazi hiyo muuguzi, mama mmoja wa makamo mwenye sauti tulivu. Mkewe akakaa upande mmoja wa kitanda, mimi nikasimama upande wa pili.

Muuguzi akatoa kijiti chenye uzi mfupi wa nailoni nchani, mwembamba sana. Akamwonyesha Mwalimu. Akamweleza kwamba atamgusa na uzi huo hapa na pale, hatamchoma, yeye afumbe macho, na kila akihisi aseme ndio. Kwanza alimgusa kwenye paji la uso ili ajue anachosubiri. "Ndio," akasema Mwalimu, na akatabasamu kidogo. Sikuwa nimeona tabasamu hilo tangu zamani.

Muuguzi akaanza na unyayo wa kushoto. Akagusa, uzi ukapinda, Mwalimu kimya. Akagusa tena mahali pengine, kimya. Mkewe akashika ncha ya shuka. Muuguzi alikuwa na mwendo wake, anagusa, anainua, anapumua, anagusa, na kiatu chake kilikuwa kikilia kidogo sakafuni kila alipoegemea mbele. Mguso uliofuata, Mwalimu akasema, "Ndio." Na uliofuata. "Ndio." Akahamia mkono wa kushoto, kwenye ncha za vile vidole, moja kwa moja juu ya kovu la chuma. "Ndio." Kidole cha pili. "Ndio." Mkewe akaanza kunong'ona akimshukuru Mungu kwa Kikamba, machozi yanamtoka, na mimi kwa furaha nikafikiria hata kumtania, kwamba miezi yote hii alikuwa anatusumbua bure.

Muuguzi hakuwa na furaha. Alimwangalia Mwalimu usoni, akaniangalia mimi, kisha akanyanyua uzi juu, mbali na kitanda, akaushika hewani. Akaendelea kuegemea mbele vile vile, kiatu chake kikilia sakafuni, taratibu, kwa mwendo ule ule.

"Ndio," akasema Mwalimu, macho amefumba.

Mkewe akaacha kunong'ona.

"Ndio," akasema tena. Na tena, kila kiatu kilipolia, bila kukosa hata mara moja, na hakuna aliyekuwa akimgusa.